Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Bi Shoto hakuzaliwa mashoto. Mkono wake wa kulia ulivunjwa alipokuwa mtu mzima, ukavunjwa na mfuniko wa pipa, na aliyeuvunja ni shemeji yake. Jina lilikuja baadaye, watu walipomwona anafunga uzi kwa kushoto, na yeye hakulikataa. Alisema ni jina la kurithi.

Watu wa siku hizi wananunua nguo kama wanavyonunua mkate, hawaulizi imepitia mikono ya nani. Zamani, katika uwanja wa rangi alikokulia Bi Shoto, nguo ilianza kuwa jora jeupe tu, lisilo na neno. Mwanamke aliliweka gotini, akabana kipande kidogo kwa ukucha, kama punje ya maharage, akakizungushia uzi mpaka kikasimama kama chuchu. Kisha bila kukata uzi akahamia cha pili, na cha tatu, mstari kwa mstari, siku hata siku, mpaka jora zima likajikunja likawa bunda gumu kama mzizi mkavu. Hapo ndipo lilipotumbukizwa katika pipa la rangi ya buluu, likatolewa likavuta hewa, likarudishwa tena, na tena, hadi rangi ikolee. Likikauka, mfungaji aliutafuta mwanzo wa uzi, akaukamata kwa meno na kuvuta. Mafundo yakafyatuka yenyewe kwa yenyewe, ta-ta-ta-ta, na kila lilipofyatuka fundo pakabaki kiduara cheupe. Uwanja mzima ulijua mlio ule, na wanawake waliacha mazungumzo ili wausikie.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyezivunja. Ya kwanza, aliyefunga ndiye anayefungua, kwa sababu kila mkono una namna yake ya kukaza, na anayevuta uzi wa mwenzake hupasua nguo. Ya pili, nguo iliyofunguliwa imekwisha. Siku hiyo hiyo inatoka uwanjani kwenda kwa mwenyewe. Isiyofunguliwa bado iko kazini.

Asije mtu akadhani uwanja ule ulikuwa pepo. Mwenye uwanja alikuwa shangazi yake Bi Shoto, mwanamke mpana mwenye sauti ya kugombeza hata anaposalimia, na silaha yake ilikuwa mwiko wa kukorogea rangi, mrefu kama mkono wa mtu, mzito kwa maji uliyoyanywa miaka na miaka. Bi Shoto, wakati huo akitumia mkono wa kulia kama wenzake, alionja mwiko huo mara chache. Aliyekula kichapo hasa ni mdogo wake, aliyeitwa Kinda kwa sababu ya udogo wa umbo, kwani Kinda ndiye aliyezaliwa mashoto.

"Mkono huo huo wa kuokotea uchafu ndio unanifungia nguo za watu?" Shangazi alikuwa akisema, na mwiko ukashuka juu ya vifundo vya vidole.

"Shangazi, wa kulia haunitii."

"Utakutii. Mimi nitautiisha."

Vidole vilipasuka. Kinda aliviviringishia uzi ule ule wa kazi, akaendelea. Siku moja damu ilipenya ikagusa jora jeupe, akachapwa na kwa hilo pia. Dada yake alikuwa ameketi hatua moja kutoka hapo. Aliinamisha kichwa, akakaza fundo lake.

Lakini Kinda hakukoma. Alibeba kazi nyumbani, akafunga kwa kushoto nyuma ya mlango, akairudisha kana kwamba ni kazi ya kulia. Viduara vyake vilitoka vidogo kama macho ya samaki, vimepangwa kana kwamba vimepigwa rula. Wanunuzi wakaanza kuviulizia. Shangazi akaurudisha mwiko pipani.

Aliyemwoa Kinda alikuwa dereva wa lori lililoleta mapipa. Alikuwa na mabega, alikuwa na maneno, na akikaa barazani wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya harusi Kinda akaanza kuja kazini amejifunga mtandio shingoni wakati wa joto. Mara jicho limevimba, mara jino halipo. Majirani wakasema ni mambo ya ndani. Bi Shoto, ambaye naye alikuwa ameachwa na mume na alizijua njia zote za wanaume wa aina hiyo, alimkabili yule dereva penye geti la uwanja.

"Shemeji, ukimgusa tena nitakufanyia kitu kibaya."

"Wewe shemeji na mdomo wako!" Dereva akacheka, akamgonga begani kama rafiki. "Njoo nikuoe na wewe, nigombezwe zamu mbili."

Kinda alipojifungua mtoto wa kike, mambo yakazidi. Akambeba mtoto akarudi uwanjani kwa Shangazi, akaapa kwamba kule harudi. Akachukua kipande cha jora akaanza kukifungia mafundo, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Alikifunga kwa kushoto, waziwazi, mbele ya Shangazi, na mwiko haukuinuka.

Dereva alikuja adhuhuri. Aliliacha lori linanguruma nje ya geti, akaingia moja kwa moja hadi kwenye pipa alipokuwa Kinda, ndio kwanza ametumbukiza bunda lake mara ya kwanza.

"Panda gari."

"Nguo haijatoka kwenye rangi," Kinda akasema bila kugeuka. "Ikitoka nitakujibu."

Dereva akamshika kisogo akamzamisha kichwa pipani.

Wanawake walipiga mayowe. Shangazi, na uzee wake, alimrukia na mwiko, akapigwa teke la tumbo akaenda kuangukia majora. Bi Shoto aliushika ukingo wa pipa kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akamvuta mdogo wake kwa gauni. Dereva akaokota mfuniko wa chuma, akaushusha juu ya mgongo wa Kinda na juu ya vile vidole vilivyoshika ukingo, akaulalia kwa kifua. Bi Shoto alisikia mifupa yake inasagika kama changarawe chini ya gurudumu. Mkono ulikuwa umenaswa, naye alikuwa amenaswa hapo hapo, uso wake karibu na miguu ya mdogo wake iliyokuwa ikirusha mateke. Aliiona ikirusha, aliiona ikichoka, aliiona ikitulia. Mtoto alikuwa chini juu ya gunia, anatazama.

Dereva aliondoka juu ya mfuniko anahema. Akaenda kuketi kwenye ngazi ya baraza, akafuta uso kwa shati, akasema, "Nipeni maji ya kunywa."

Na kuna mwanamke aliyempa. Woga ni kitu kibaya.

Kinda alitolewa akiwa buluu, uso, masikio, shingo, hata ufizi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umekamata bunda, ikabidi vidole vikunjuliwe kimoja kimoja. Waliomwosha walimaliza sabuni yote, wakaleta ndimu, wakaleta majivu. Rangi ya uwanja ule haikuwa ya kubembelezwa. Alizikwa hivyo hivyo.

Mahakamani ilisemwa kwamba mume alichokozwa, hasira zikampanda, hakukusudia. Alifungwa kifungo ambacho mwizi wa ng'ombe angekionea wivu, na akatoka kabla mtoto hajamaliza kung'oa meno ya utoto.

Mkono wa Bi Shoto ulipona vibaya, ukajikunja kama kucha za kuku. Siku alipojaribu kazi kwa kushoto alilia, na si kwa maumivu. Uzi ulikuwa unazunguka upande wa pili, fundo linakazwa kwa ndani, na kila alichokifanya kilitoka kama alivyokuwa akikifanya Kinda. Wenzake wakamwita Bi Shoto, na mtu mmoja tu duniani alijua sasa kulifungua lile bunda, naye hakulifungua. Alilitia katika sufuria yenye mfuniko, akaliweka juu ya kabati. Maadamu halijafunguliwa, Kinda yuko kazini. Hilo ndilo alilokuwa nalo, na hakuwa na jingine.

Kisha uwanja wenyewe ukafa. Zililetwa nguo za kiwandani zenye viduara vya kuchapwa, upande mmoja tu. Ukizigeuza, mgongoni hamna kitu. Watu wakazipenda kwa sababu ni rahisi. Shangazi akafa, warithi wakagombana, na siku moja wakaja vijana wa kukodiwa wenye marungu, wakasema kiwanja kimeuzwa. Wanawake waliokataa kutoka walipigwa mbele ya mapipa yao. Mmoja alitobolewa jicho. Aliyenunua alikuwa yule yule dereva, ambaye siku hizo alikwisha kuwa na malori yake mwenyewe na tumbo la kuyatangulia, na mji ukimwita Mzee Malori. Akajenga ghala pale pale. Sakafu ya saruji ikamwagwa juu ya udongo wa buluu.

Bi Shoto alimlea binti wa Kinda katika chumba kimoja, akiishi kwa kushona magodoro. Alimwambia ukweli wote mapema, kama mtu anavyompa mtoto dawa chungu. Binti alikua kimya, akasoma, akapata nafasi katika chuo cha sanaa mbali, akarudi na kitu kinachoitwa usanii wa kisasa. Hapo zamani mtu alichora picha, ukaiona, ukajua hii ni nazi. Huyu alikuwa anajaza nyumba nzima vitu, na mtu huingia ndani ya picha kwa miguu yake.

"Mama Mkubwa," alisema siku moja, ameketi kitandani, "nimepewa lile ghala. Kwa mwezi mzima."

"Limetolewa na nani?"

"Unajua ni la nani."

Akamweleza. Angening'iniza kutoka darini mabunda makubwa kama mbuzi, yamefungwa mafundo kama ya uwanjani. Angeweka mapipa yale yale ya zamani, yenye rangi ya kweli, na mwiko wa Shangazi, uliokuwa umehifadhiwa na mmoja wa wafungaji wa zamani. Spika zingetoa mlio wa uzi unaofyatuka. Na katikati kabisa, kwenye taa, lile bunda la sufuria.

"Hapana," akasema Bi Shoto.

"Lilifungwa kwa ajili yangu. Ni langu."

"Likifunguliwa ni lako. Halijafunguliwa."

"Basi litafunguliwa. Siku ya uzinduzi."

"Na nani?"

Binti alitazama mikono yake. "Yeye. Nimemwalika akate uzi. Nitasema mbele ya watu wote hilo bunda ni nini na limetoka wapi. Kamera zitakuwepo. Nataka aishike kazi ya mama mkononi mwake, watu wakimwona."

"Mikono yake iliishaishika."

"Mama Mkubwa, wewe umelificha miaka yote hiyo juu ya kabati. Imesaidia nini? Mnaogopa mpaka leo. Nyie ndio mliompa maji."

Bi Shoto alimpiga kibao. Alimpiga kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika, na kucha zake zilizopinda zikampasua mdomo. Hakuwahi kumpiga tangu akinyonya. Wote wawili wakautazama mkono ule kama mgeni aliyeingia bila hodi. Damu ikadondoka juu ya shuka. Binti akainuka, akaishusha sufuria kabatini, akatoka nayo. Bi Shoto alikuwa bado anautazama mkono wake.

Siku ya uzinduzi alivaa gauni lake la mazishi akaenda.

Mchana kweupe ghala lilikuwa limejaa watu wa mavazi ya pasi, wanakunywa juisi chini ya mabunda yanayoning'inia, wanajipiga picha. Kibao cha mlangoni kilisifu urithi wa mabibi zetu, bila jina la bibi hata mmoja. Spika zilifyatua mafundo, ta-ta-ta, bila kuchoka, mpaka mlio uliokuwa ukinyamazisha uwanja mzima ukawa kelele za kuzungumzia juu yake. Bi Shoto aliyajua mapipa. Moja lilikuwa limebonyea kwenye ukingo. Lilikuwa limewekwa jukwaani, limejaa rangi, na juu yake, kwenye kamba, bunda la Kinda.

Mzee Malori alipanda kwa mkongojo. Alikuwa amezeeka, lakini mabega yalikuwa yale yale. Binti akashika kipaza sauti.

"Bunda hili lilitoka mkononi mwa mama yangu. Alikuwa amekufa. Aliuawa hapa, ndani ya pipa hili. Aliyemuua ni huyu, baba yangu." Akamnyooshea mkasi. "Baba, lifungue."

Binti alikuwa amengoja dakika ile maisha yake yote. Akamtazama mzee, akingoja aanguke, alie, akimbie, afanye chochote.

Mzee Malori akatikisa kichwa polepole. "Mungu amrehemu mama yako. Ujana ni maji ya moto, mwanangu. Nilifungwa, nikatumikia, nikasamehewa na serikali." Akapokea mkasi, akaligeuzageuza bunda. "Ila wanawake na mafundo yao! Hata gunia la saruji halifungwi namna hii."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Binti akashusha kipaza sauti mapajani. Mkasi ukaingia katikati ya mafundo, nguo ikapasuka kwa sauti kavu.

Bi Shoto hakukumbuka kupanda ngazi. Alikumbuka tu kwamba mwiko wa Shangazi ulikuwa umetundikwa ukutani kwenye msumari, na kwamba ulikuwa mwepesi kuliko alivyoujua.

"Shemeji!" Mzee Malori akatabasamu. "Kumbe bado u hai?"

Mwiko ulimpata kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia, mkasi ukaruka. Akapaza sauti, na pigo la pili likamkuta shingoni, likamlaza juu ya ukingo wa pipa. Bi Shoto aliutupa mwiko. Akamshika kisogo kwa mkono wa kushoto, akambana kwa ule mkavu, akamlalia mgongoni kwa kifua chake chote, kama vile mtu alivyoulalia mfuniko siku ile. Kichwa kikazama. Rangi ikamrukia Bi Shoto usoni, ikaingia mdomoni, na ladha yake ilikuwa ile ile. Miguu ya mzee ikaanza mateke. Kiatu kikatoka. Alisikia mapovu yanapanda kutoka chini, na moyo wake ukawa baridi na mzuri kama maji ya mtungi.

Ndipo makofi yalipoanza.

Yalianza nyuma, yakasambaa. Simu zilikuwa juu zote. Mtu akapiga mluzi. Kijana mmoja wa miwani akasema kwa mwenzake, "Kali sana! Yule bibi wamemtoa wapi?" Kwao ilikuwa sehemu ya onyesho, kama taa, kama spika. Binti peke yake alijua, naye alisimama mikono chini, hapigi makofi, hazuii.

Bi Shoto alijisikia kama amevuliwa nguo sokoni. Kinda alikufa wanawake wakipiga mayowe. Mayowe yale yalikuwa heshima, ingawa hayakumwokoa. Na huyu, je, afe kwa kushangiliwa, kifo chake kiteremshwe kwa juisi? Mkono wake wa kushoto ukalegea wenyewe. Makofi ndiyo yaliyomwokoa Mzee Malori, wala si kitu kingine, na hakustahili hata hayo.

Alitoka pipani anakoroma, anatapika buluu. Akaporomoka akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, buluu uso, masikio, shingo, hata ufizi.

"Maji," akasema. "Nipeni maji."

Makofi yakafifia. Mwanamume mmoja akashusha simu, akaiinua tena. Wakamtazama binti, kwa kuwa mwenye shughuli ni yeye. Meza ya vinywaji ilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Binti hakusogea.

Bi Shoto alilishusha bunda kutoka kwenye kamba, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake walivyokuwa wakiketi hapo hapo kabla ya saruji. Sehemu iliyokatwa ilikuwa imeharibika, hapakuwa na la kufanya. Akautafuta mwanzo wa uzi upande wa pili. Aliupata kwa ukucha wa kushoto, palepale ambapo yeye mwenyewe angeuficha. Akauweka menoni.

"Zima hayo masanduku," akamwambia binti bila kumtazama.

Spika zikazimwa. Akavuta. Ta-ta-ta-ta. Mlio ulikuwa mdogo, wa uzi mkongwe, ukawanyamazisha watu mpaka mlangoni. Rangi ya nje ilikuwa hafifu, ya kutumbukizwa mara moja tu, imepaka mabaka. Lakini ndani ya kila fundo nguo ilikuwa nyeupe pe, kama ilivyotoka dukani. Binti akapiga magoti akashika pindo, akaanza kuinyoosha kadiri inavyotoka. Mdomo wake ulikuwa bado na kovu bichi. Hakuna aliyeomba radhi kwa mwenzake.

Askari waliingia wawili, wakamkuta mmoja anatapika na mwingine ameketi na uzi mdomoni, wakababaika nani wa kukamatwa, hadi mtu alipowaonyesha simu yake.

"Bibi, inuka twende," akasema mkubwa wao.

"Ngoja, mwanangu. Mstari haujaisha."

Kwa sababu gani askari yule alingoja, hakuna anayejua. Pengine naye alibebwa na mtu kwa nguo kama ile. Bi Shoto alivuta mpaka fundo la mwisho likafyatuka, akatema uzi, akaikung'uta nguo mara moja kama ilivyotakiwa. Ilikuwa fupi, ya mtoto, na tundu la mkasi ubavuni. Akaiweka mabegani mwa binti, sasa mwanamke mzima.

"Imekwisha," akamwambia. "Itoe humu ndani."

Kisha akanyoosha mikono. Wa kulia ulikuwa umekauka mno, pingu ikawa inateleza, na askari baada ya kuhangaika akaamua kumfunga ule wa kushoto peke yake.